Ukuta wa Kama

Sentensi yangu ilikaa kwa chaki kwenye ukuta wa Prof kwa zaidi ya miaka minne, na kwa sehemu kubwa ya muda huo nilizijua njia zote za mtaa wetu wa Katoyi ambazo hazipiti mbele ya darasa lake. Naanza na hilo ili mtu asije akasema namsifu mzee huku nikificha aibu yangu. Nilikuwa nimemwahidi kitu, mbele ya watu, kwa Kiingereza, nikakipa kisogo. Mengine yote nitakayoeleza juu yake myasome mkijua hivyo.

Tulimwita Prof. Huku kwetu Goma kila anayefundisha sekondari huitwa hivyo, hata wa michezo, kwa hiyo si kwamba tulimpa cheo. Alikuwa na jina lake la Butembo, refu na zuri, ila sikumbuki kumsikia mtu akilitamka, na hata mkewe alisema "Prof amekula" au "Prof amelala" kama anayemzungumzia mpangaji. Ni wa ukoo gani, alijifunza wapi Kiingereza, alifikaje mjini, sijui. Waliomuuliza waliambiwa wafungue madaftari.

Darasa lenyewe lilikuwa chumba cha mbao juu ya mawe meusi, kwenye kiwanja cha mjane mmoja aliyemwazima bila masharti, isipokuwa wanafunzi wasikanyage maharage yake. Tulianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kumaliza saa mbili, ili kila mtu awahi kazi yake. Tulikuwa watu wa kila aina: madereva wa pikipiki, wauza vitenge, seremala, mwenye duka la dawa, wanafunzi wa chuo kikuu waliotudharau kwa wiki moja kisha wakatuomba daftari za kunakili. Mimi nilikuwa nauza jibini ya kutoka milima ya Masisi. Wageni waliofanya kazi mjini walikuwa wakila sana jibini, na kila nilipowaambia bei kwa vidole walinipunja kwa tabasamu. Nikasema nitajifunza lugha yao niwapunje na mimi.

Kozi za Kiingereza hazikukosekana. Kulikuwa na nyingine zenye kompyuta na mabango ya rangi. Watu walipita mbele ya mabango hayo wakija kwa Prof, tena kwa ajili ya somo moja tu, somo la kama.

Nieleze kwa kifupi, maana si kila mtu amelisoma. Kiingereza kina namna zake za kusema "kama". Ipo ya jambo linaloweza kutokea: nikipata hiki, nitafanya kile. Ipo ya ndoto: ningekuwa hivi, ningefanya vile. Na ipo ya jambo lililokwisha pita, ambalo ulitamani lingepita vingine. Vitabu vinazipa namba. Prof alizipa kuta.

Ukuta wa kulia ulikuwa wa kama ya kwanza. Mbao zake zilisimama wima, amezipaka rangi nyeusi, na kila mwanafunzi alipewa ubao mmoja. Juu ya ubao huo uliandika sentensi yako, ya maisha yako, si ya kitabuni. Ukishaandika, ulikuwa umeahidi. Sharti lako likitimia, ulitakiwa ufanye ulichosema, na usipofanya Prof alikuja kwako kuangalia. Ukifanya, darasa zima lilisimama, likapiga makofi matatu, na Prof mwenyewe akafuta ubao kwa kitambaa chake. Kisha ubao ulipewa mwanafunzi mpya. Hapo ndipo palipokuwa na utamu na uchungu wa mambo, kwa sababu hakukubali mwanafunzi asiye na ubao. Ukikaa na sentensi yako bila kuitimiza, kulikuwa na mtu amesimama nje karibu na maharage anakusubiri wewe.

Naziandika sentensi hizo hapa kwa Kiswahili, ingawa ukutani zote zilikuwa za Kiingereza.

Kuna katekista mmoja wa parokia, mtu mwerevu, aliyedhani amepata njia ya kupita. Akaandika ile sentensi ya vitabu vyote: mvua ikinyesha, nitalowa. Akarudi kwenye benchi lake akiwa ameridhika. Prof alisahihisha herufi moja tu. Siku tatu baadaye mvua ya Goma ikatushukia katikati ya somo, ile inayopiga bati mpaka hamsikilizani. Prof akaweka chaki chini, akafungua mlango, akamwita kwa adabu zote.

"Papa, mvua njo hii. Kuya inje."

Tulicheka mpaka machozi. Katekista alitoka na suti yake ya kijivu, akasimama uani, na Prof akasimama kizingitini akimhesabia dakika kwa Kiingereza. Alipoona maji yanamtoka kwenye mikono ya koti, akamrudisha, tukampigia makofi matatu, ubao ukafutwa. Tangu siku hiyo hakuna aliyenakili sentensi ya kitabu.

Alikuwa na misemo yake, yote ya darasani. Ukiogopa makosa alisema: "Sema kitu ya kweli, gramere itakufwata nyuma." Ukisema kitu kizuri mno, kilichopangika, alikuuliza kama ni wewe unayesema au ni redio ya jirani yako. Na ukichelewa hakukugombeza. Alikuamuru tu ueleze kwa Kiingereza ulikuwa wapi, kwa kirefu, na watu wazima waliooa na kuzaa walianza kuwahi.

Dereva mmoja wa pikipiki niliyekaa naye benchi moja aliandika kwamba akinunua pikipiki yake mwenyewe, badala ya ile ya tajiri, atampeleka Prof mpaka mji wa Kiwanja, mbali huko kaskazini, na kumrudisha. Aliandika akijua pikipiki yake mwenyewe iko mbali. Haikuchukua mwaka. Prof alipopata habari alifika kwake Jumamosi asubuhi amevaa koti la baridi na kofia ya mkewe ya sufu, tayari kwa safari. Walikwenda. Dereva anasema katika mashimo ya barabara baada ya Kibati mzee alimkataza kuongea lugha nyingine, na kwamba siku hiyo alijifunza maneno ya Kiingereza ya woga ambayo hakuna kozi inayoyafundisha. Walirudi jioni na jogoo mmoja, ndizi, na vumbi mpaka kwenye kope. Jumatatu ubao ulifutwa, na mpaka leo dereva huyo hapiti popote bila kusimulia.

Ila sentensi iliyoingia katika historia ya mtaa ni ya Mama Vitenge. Huyu aliuza vitenge vya kutoka Butembo, na mumewe alikuwa akisafiri na malori kwenda Beni. Aliandika: mume wangu akirudi salama, nitamchinjia kuku. Mume akarudi salama, kisha akarudi salama tena, na Mama Vitenge akaendelea kumpikia sombe, majani yale yale ya muhogo. Prof akamfuata nyumbani saa sita mchana na mashahidi wawili, mmoja wao mimi. Mume, mtu mkubwa wa sauti nzito, akauliza ni ugeni gani huu. Prof akamweleza taratibu kwamba mke wake ameahidi jambo kwa Kiingereza, na akamtafsiria. Bwana yule alimgeukia mkewe, akauliza ni safari ngapi sasa amerudi salama. Kuku alichinjwa dakika hiyo hiyo na sisi tulikula. Baada ya wiki mbili mume naye alikuja kuomba ubao, akisema anataka kujua yanayoandikwa juu yake akiwa barabarani.

Mtu aliyewabana wenzake hivyo mtadhani mwenyewe alikuwa msumari. Wapi. Prof aliahidi na kusahau kuliko sisi sote. Alituambia kesho ataleta kamusi, na kesho hiyo haijafika hadi leo. Alimwahidi mjane kumtengenezea uzio wa maharage, mwishowe tukautengeneza sisi. Tulipomdai naye achukue ubao, aandike sentensi yake, alijibu kwamba mwalimu hafanyi mtihani wake mwenyewe, akapandisha suruali na kuendelea na somo. Suruali zake zilikuwa na mstari uliopigwa pasi mpaka unakata, na viatu vyake viling'aa katika mji huu ambao vumbi lake jeusi linaingia hata ndani ya sanduku lililofungwa. Alivipangusa mlangoni kabla ya kuingia na kabla ya kutoka.

Na kuna hili, ambalo halikujulikana na wengi. Aliwaogopa wageni. Mzungu mmoja alipelekwa siku moja kuliona darasa, kijana mpole wa kutoka London, tulimfurahia sana. Prof alimsalimia kwa Kifaransa, akamkaribisha kwa Kifaransa, kisha akakumbuka ana shughuli mjini. Sisi ndio tuliobaki tukimwonyesha ukuta. Nilipomuuliza kesho yake alikasirika kidogo, kisha akacheka mwenyewe. Akaniambia kwamba yeye na Kiingereza wamejuana kupitia vitabu na redio, uso kwa uso bado.

Ukuta wa kushoto ulikuwa wa ndoto na haukuwa na sheria yoyote. Hapo uliandika upendavyo, ukafuta upendavyo, na hakuna aliyekuja kwako kuangalia. Watu waliokuwa wazito kwenye ukuta wa kulia walichangamka kwenye ule wa kushoto. Mwenye duka la dawa aliandika: ningekuwa ndege, ningevuka mpaka bila jeton, kile kikaratasi cha ruhusa. Seremala: ningekuwa na shingo ndefu, ningeona mpira wa uwanjani bila kulipa. Mimi niliandika kwamba ng'ombe wa Masisi wangejua Kiingereza, wangeuza jibini wenyewe, na Prof aliipenda hiyo akaizungushia duara.

Ile kama ya tatu, ya mambo yaliyokwisha pita, hakuipa ukuta. Aliifundisha kwa siku moja tu katika kila kozi, na alipiga marufuku kuiandika. Alifungua mlango, tukapanga mstari, na kila mtu alisimama kizingitini akasema moja kwa sauti, akielekea nje, kisha akatoka. Katika mji wetu hakuna asiyekuwa nayo. Mimi nilisema kama shule isingefungwa mwaka ule, ningekuwa nesi. Waliotoka kambi ya wakimbizi ya Mugunga walisema zao, nzito kuliko yangu, na wengine walizisema kwa Kiingereza kibovu kabisa na Prof hakusahihisha hata moja. Nje mkewe alikuwa ametuwekea chai ya maziwa na mandazi, tukala tumesimama, na baada ya muda mfupi mtu alianza mzaha, tukarudi kuwa sisi. Nilimpenda Prof kuanzia siku ile, nasema wazi. Kabla yake nilimwona mzee wa vituko tu.

Sasa nije kwangu.

Nilikuwa na kichwa chepesi cha lugha na mdomo mrefu, na nilizoea kusifiwa. Zamu yangu ya ubao ilipofika, wenzangu waliandika vitu vya ukubwa wa mkono wao. Mimi nilitaka Prof ashtuke. Nikaandika: nikipata kazi kwa Kiingereza changu, nitarudi kufundisha darasa hili mwaka mzima. Darasa likaguna. Prof aliisoma mara mbili, akaniuliza kama nina hakika, akanipa nafasi ya kuifuta. Nilikataa, nikakaa chini nikijiona malkia.

Haikupita miezi sita nikapata kazi. Mteja wangu mmoja wa jibini, mgeni, alinipeleka ofisini kwao, wakanijaribu, wakanichukua kama mkalimani. Nilipewa kitambulisho cha kuvaa shingoni na gari la kunifuata asubuhi, saa kumi na mbili na nusu hiyo hiyo. Mwezi wa kwanza nilijiambia nitaongea na Prof mambo yakitulia. Mwezi wa pili nilimwona mbele ya duka la dawa, nikaingia kwa fundi wa viatu nikiwa na kandambili miguuni. Baada ya hapo ikawa desturi. Nilipita mtaa wa Birere kwenda kanisani, mzunguko wa bure wa nusu saa. Nikimtumia jibini kwa mkono wa yule dereva wa pikipiki nilimwambia asiseme imetoka kwa nani, kana kwamba Katoyi nzima ilikuwa na mtu mwingine wa jibini.

Nilichokingojea ni aje. Alikwenda kwa Mama Vitenge, alikwenda kwa seremala, alimfuata mtu mmoja mpaka Sake kwa sababu ya ahadi ya kumsomesha mdogo wake. Kwangu hakuja. Dereva aliniambia kwamba chaki ilipofifia kwenye ubao wangu, Prof aliiandika upya kila Jumatatu, kwa herufi zake nzuri, na kwamba watu wapya walikuwa wakiuliza huyu ni nani. Akaniambia pia sauti ya mzee inakauka, kwamba daktari amemkataza kufundisha, na kwamba asipopatikana mtu darasa litafungwa. Nilimjibu kwamba watapatikana wengi. Nilijisikia mdogo nikiyasema hayo, lakini niliyasema.

Kisha mambo ya mji yakabadilika kama yanavyobadilika, wageni wakaondoka, ofisi ikafungwa, nikarudisha kitambulisho. Nikarudi sokoni Virunga kwenye meza yangu ya zamani na jibini zangu za duara. Nikajiambia angalau sasa ile ahadi imekufa yenyewe, maana kazi hakuna tena. Nilifurahi kidogo, kwa kweli. Furaha yenyewe haikunikaa vizuri.

Prof alifika kwenye meza yangu siku ya Jumanne, kikapu mkononi, viatu viking'aa katikati ya majani ya kabichi. Alikuwa amekonda. Sauti ilimtoka kwa shida, ilibidi niiname.

"Mama, furomaji ni bei gani?"

"Prof, ni mimi."

"Minaona ni weye. Nauliza furomaji."

Nikamkatia kipande kikubwa, nikamfungia, akakataa kukichukua bure. Akasimama tu hapo, akitazama jibini moja moja kama mnunuzi mgumu. Mwishowe niliuliza lile lililokuwa likinikera miaka yote.

"Prof, kwa bengine bote mulienda. Kwangu mbona hamukukuyaka?"

Alisafisha koo kwa kukohoa, akaweka kikapu chini.

"Bale nilienda kwabo juu balisahau. Weye haukusahau. Mutu mwenye anazungukaka Birere yote juu asinione, ule eko anakumbuka kila siku. Ningekuya kukuambia nini?"

Wanawake wa meza za jirani walikuwa wameacha wateja wao, na wale hawawaachi kwa jambo dogo. Nikalia pale pale, mbele ya wateja. Nikamwambia kazi yenyewe imeisha, sina gari wala ofisi, nitafundisha nini mimi muuza jibini. Prof akaniambia kwamba alipoanza kozi yeye hakuwa na hata jibini. Kisha akasema taratibu kwamba kesho ni siku ya kama, na kwamba sauti yake haifiki benchi la tatu. Akabeba kikapu chake, akaondoka. Hakuniuliza kama nitakuja.

Nilikwenda. Usiku ule sikupata usingizi wa maana, na saa kumi na mbili nilikuwa mlangoni kwa mjane nikipita kando ya maharage. Wanafunzi wengi sikuwajua. Wao walinijua, maana walikuwa wamesoma sentensi yangu kila siku. Prof alinipa chaki, kipande, kwa sababu alikata kila chaki vitatu kwa wembe, kisha akaenda kukaa benchi la nyuma. Nikafungua kinywa na Kiingereza changu chote cha ofisini kikanikimbia. Nikasimama hivyo, nikihesabu misumari ya ukuta. Nyuma mkono ukanyooka.

"Madame," Prof akasema kwa ule mnong'ono wake, "naomba kuuliza. Mbele ya kupata kazi, ulikuwa unauzisha nini?"

Nikawaambia jibini. Nikaeleza kwa Kiingereza jinsi inavyokuja kutoka Masisi, jinsi ya kujua iliyoiva kwa kuigonga, jinsi wateja wanavyopunja na jinsi ya kuwarudishia. Saa mbili ilipofika hatukuwa tumemaliza.

Nilifundisha mwaka mzima. Saa mbili nilifunga mlango, saa tatu nilikuwa sokoni. Prof hakukosa hata siku moja. Alikaa nyuma na daftari, nikikosea alikohoa mara moja, nikikosea sana alikohoa mara mbili, na wanafunzi walijifunza kuhesabu. Mlangoni aliniita mutoto yangu, ndani aliniita Madame, na hakuchanganya kamwe. Nilianza kwenda mwenyewe kwenye nyumba za watu kuangalia ahadi zao, nikajua raha ya kukuta mtu hajatimiza na anajifanya amekusahau. Nilijitambua katika nyuso hizo, nikawa mpole kuliko nilivyopanga.

Siku mwaka ulipotimia darasa lilijaa mpaka madirishani. Dereva alikuja, katekista, Mama Vitenge na mumewe. Makofi yalikuwa matatu, mazito. Prof akatoa kitambaa chake na kuufuta ubao wangu kuanzia juu kwenda chini, polepole, bila kuacha alama. Nje walikuwa watu watatu wanangojea nafasi, na wa kwanza alikwisha ingiza mguu ndani. Prof akamwinulia mkono.

"Ungoje, papa. Ubao huu ni yangu."

Akaandika. Herufi zilikuwa zile zile. Sentensi ilikuwa fupi, hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza aliielewa: huyu akibaki, nitapumzika.

Hakuna aliyenigeukia. Wote walitazama ukuta, kwa heshima, wakiniachia nafasi ya kujibu au ya kukimbia tena. Nilichukua kile kipande cha chaki mkononi mwake na kuwaambia wafungue madaftari. Nilikuwa na furaha ambayo sijui kuieleza, ya kupewa kitu na mtu ambaye wewe ndiye ulipaswa kumpa.

Wiki mbili baadaye dereva alinijia sokoni na uso wa mtu mwenye habari. Alisema amempitia Prof nyumbani kwake Ndosho, na hakumkuta amepumzika. Nikafunga meza. Tukamchukua Mama Vitenge awe shahidi wa pili, tukapanda pikipiki sote watatu, jambo ambalo si la umri wetu.

Mkewe alitufungulia akicheka, akatuonyesha kwa kidevu. Nyuma ya nyumba Prof alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, na mbele yake majirani wanne, watu wazima, wamekaa juu ya vidumu vya maji. Mmoja alikuwa akimweleza kwa Kiingereza cha kuungaunga atafanya nini mwanawe akipata diploma. Prof alituona, akajaribu kukunja daftari.

"Prof," nikasema, "tumekuya kuona ile mulisemaka."

"Hii haiko kazi. Ni masolo, kuongea tu na majirani."

"Majirani, mwende. Mutakuya kwangu kesho asubui, mbao iko."

Waliondoka na vidumu vyao, wakicheka. Prof alibaki amekaa, mikono juu ya magoti, na kwa mara ya kwanza nilimwona amevua viatu. Akatulalamikia kidogo, kwamba sheria zake tunamrudishia bila huruma. Mama Vitenge akamvutia kiti kingine cha kuwekea miguu. Alianza kutueleza jambo kuhusu sauti ya Kiingereza ya watu wa redio, akaliachia katikati. Kofia ilimteremkia machoni. Alikuwa amelala saa nne asubuhi, jua likimpiga miguuni, na mkewe akamfunika miguu kwa kitenge bila kelele.

Tulikaa kidogo tukimtazama. Kisha dereva akaniuliza kwa sauti ya chini kama sasa nitaenda kuufuta ule ubao.

"Bado," nikamwambia. "Kesho tutakuya tena kuangalia."